Kesi ya Sare Kumi na Mbili

Mchezo wa kumi na mbili ulipokwisha kwa sare, kama ulivyokwisha wa kwanza na yote ya katikati, Fisi alipanda juu ya kichuguu akaangua kilio.

"Nimeacha mzoga wangu porini nije kumwona bingwa wa sataranji wa mwitu huu," alisema. "Kila jioni Kobe anampa Kinyonga mkono, Kinyonga anaupokea, wanakwenda kulala. Mchezo usio na aliyeshindwa ni mchezo gani?"

Wanyama wakaguna kumuunga mkono. Mama Twiga, aliyekuwa mwamuzi, aliona patachimbika, akaitisha baraza kesho yake chini ya mbuyu.

Mapendekezo hayakukawia. Fisi alitaka kila mchezaji apewe robo saa tu, kwa kuwa asiyepata nafasi ya kufikiri atakosea, na akikosea atafungwa. Sungura alitaka kete za safu ya nyuma zichanganywe upya kila asubuhi, ngome ikae mahali pa farasi na farasi mahali pa malkia, ili yaliyokaririwa nyumbani yasimfae mtu. Ngiri alitaka ushindi uwe alama tatu na sare alama moja, kama kwenye kandanda.

"Kandanda ina timu nyingi kwenye ligi," Mama Twiga akamjibu. "Hawa wako wawili peke yao. Hata ushindi ukiupa alama mia, anayeongoza atakuwa yuleyule aliyeshinda mara nyingi zaidi."

Ngiri akakaa. Ndipo Panya wa Bandarini akajitokeza kutoka kwenye mzizi.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba."

"Mimi nimezaliwa melini. Ukoo wetu umeishi chini ya meza za sataranji tangu ubingwa wa dunia ulipoanza. Naomba nisikilizwe kabla hamjaubomoa mchezo."

Akaruhusiwa.

"Mwaka 1886, Steinitz na Zukertort walipogombea ubingwa kule Marekani, walicheza michezo 20, na sare zilikuwa 5 tu."

"Hizo ndizo zilizokuwa enzi!" Fisi akadakia.

"Sanaa ya kujihami ilikuwa bado changa, mzee wangu. Steinitz mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake. Ukitaka ushindi kila siku, chukua watu wasiojua kujilinda, utaupata tangu asubuhi. Sasa twende Buenos Aires, 1927. Capablanca alitetea taji lake mbele ya Alekhine: michezo 34, sare 25, na karibu yote ilianza kwa Gambiti ya Malkia iliyokataliwa. Miaka hiyohiyo Capablanca alikuwa na hofu kwamba mchezo unaelekea kufa kwa sare, kwamba mabingwa wataujua wote wasiweze kufungana tena. Alipendekeza ubao mpana zaidi wenye kete mpya. Na ni yeye aliyefungwa mara sita na kuvuliwa taji, kwenye ubao uleule wa zamani."

Baraza likatulia. Panya akaendelea.

"Moscow, Septemba 1984. Sheria ilisema atakayefikisha ushindi mara sita ndiye bingwa, sare hazihesabiwi. Baada ya michezo 27 Karpov alikuwa ameshinda mara tano, kijana Kasparov hajashinda hata mara moja, na katikati zilikuwa zimepita sare 17 mfululizo. Kijana alibakiza kosa moja tu. Akashikilia sare. Mchezo wa 32 akashinda. Zikafuata sare nyingine 14, kisha akashinda wa 47, akashinda na wa 48. Tarehe 15 Februari 1985 Campomanes, rais wa Shirikisho la Sataranji Duniani, akaisimamisha mechi bila mshindi. Michezo 48, sare 40! Zilikuwamo fupi za kupumzikia, hilo sikatai. Lakini kijana alikuwa darasani, na mwalimu wake alikuwa mpinzani wake. Novemba ya mwaka huohuo, katika mechi mpya, alimvua Karpov ubingwa. Mngempa robo saa ya Fisi mwaka 1984, nani angemjua leo?"

Hapa mimi msimulizi nasimama upande wa Panya bila kusitasita. Watu wanaotaja zile sare 40 kama aibu ya sataranji hawajazitazama moja moja. Mchezaji aliyekuwa anazama alijifunza kuogelea mbele ya macho ya dunia, kwa miezi mitano, na sare ndizo zilizompa muda huo.

"Basi hakuna tatizo," Kobe akasema polepole, akianza kujirudisha gambani.

"Lipo, mzee Kobe, na wewe unalijua," Panya akamgeukia. "London, 2018, Carlsen na Caruana wakigombea ubingwa. Michezo 12, sare 12, kama yenu. Mchezo wa kwanza ulikwenda hatua 115, saa saba. Carlsen alibana, Caruana akaponea chupuchupu. Mchezo wa kumi na mbili Carlsen alikuwa na nafasi bora ubaoni na dakika nyingi zaidi kwenye saa, akataka sare baada ya hatua 31. Alijua kwamba kwenye michezo ya haraka ya kuamua mshindi yeye ni mkali zaidi, na kweli alishinda mitatu kwa sifuri. Kwenye karatasi sare hizo mbili ni sawa, nusu kwa nusu. Ila ya kwanza waliipika ikaiva. Ya mwisho iliachwa mbichi."

Mama Twiga akainamisha shingo. "Kasuku yuko wapi?"

Kasuku akashuka tawini.

"Usiku unalala kwa nani?"

"Kwa Kobe, Mama. Alfajiri niko kwa Kinyonga. Wananiuliza, nawajibu. Jibu ni lilelile kwa wote wawili, maana hatua njema haibadiliki kwa kubadilisha nyumba."

"Na zile hatua ishirini za kwanza walizocheza jana?"

"Zangu zote."

"Huko nilikotoka, Kasuku hana manyoya," Panya akasema. "Ni programu, moja inaitwa Stockfish, na hakuna binadamu anayeweza kuishinda. Wachezaji wanakuja mezani wameshakula majibu yake. Lakini msimchinje Kasuku. Mwaka 2023, kule Astana, Ding na Nepomniachtchi waligombea ubingwa wakiwa na mashine hizohizo, na katika michezo 14 sita ilipata mshindi. Ding aliingiza mapema hatua zisizozoeleka, akakubali kupoteza faida kidogo ili mwenzake alazimike kufikiri kwa kichwa chake. Na Singapore, Desemba 2024, mchezo wa 14, wa mwisho: alama zilikuwa sawa, na ubaoni Gukesh alikuwa na kitunda kimoja cha ziada kwenye nafasi ambayo wajuzi waliiona ni sare. Hakuacha. Aliendelea kusukuma, Ding akaipeleka ngome mahali pabaya kwenye hatua ya 55, na kijana wa miaka 18 akawa bingwa wa dunia."

Mama Twiga akamgeukia Kobe. "Jana nilikuwa naona ubao kutoka juu. Ulikuwa na kitunda cha ziada. Kwa nini ulitoa mkono?"

Kobe alikaa kimya kwa muda mrefu, hata kwa kobe.

"Niliogopa, Mama. Michezo ni kumi na miwili tu. Nikifungwa siku ya mwisho, siku ya kulipiza haipo. Kinyonga naye aliogopa hivyohivyo, ndiyo maana aliupokea."

Kinyonga akageuka rangi ya majivu, hakukanusha.

Neno hilo la Kobe ndilo kiini cha kesi, na linawahusu waandaaji kuliko wachezaji. Kwa miongo kadhaa mechi ya ubingwa ilikuwa michezo 24. Aliyefungwa Jumatatu alikuwa na wiki kadhaa mbele yake za kurudisha deni, kwa hiyo alithubutu. Ukiikata mechi nusu, kosa moja linakuwa hukumu, na mtu mwenye akili timamu anajenga ukuta. Halafu tunamlaumu kwa ukuta huo.

Mama Twiga akatoa uamuzi. Mwakani michezo itakuwa ishirini na minne. Wachezaji hawatapatana sare wao kwa wao. Panya alieleza kwamba kwenye mashindano ya Sofia mwaka 2005 walifanya hivyo, na michezo ikachezwa hadi nafasi ijimalize yenyewe au mwamuzi aridhie. Pendekezo la Sungura lilipewa siku yake na kombe lake, kwa kuwa Fischer, bingwa wa zamani wa dunia, alikwisha kulitangaza kule Buenos Aires mwaka 1996 na ni mchezo mzuri, ila ni mchezo mwingine. Robo saa ya Fisi ilikataliwa.

"Na huu wa jana?" Fisi akauliza.

"Huu wa jana haujaisha," alisema Mama Twiga. "Rudisheni kete zilipokuwa."

Wakarudisha. Kobe akasogeza kitunda chake cha ziada. Kinyonga akaelekeza jicho moja kwenye kitunda na jingine kwenye mfalme wake, akajibu. Giza lilipoingia vimulimuli wakaitwa. Kobe alibana upande wa kushoto, akahamia wa kulia, akarudi. Mara mbili Kinyonga alibaki na hatua moja tu ya kumwokoa, na mara zote mbili aliipata. Kwenye hatua ya 94 ubaoni walibaki wafalme wawili peke yao, na Mama Twiga akatangaza sare.

Hakuna aliyeguna. Kobe alipoanza safari ya nyumbani, Fisi alimfuata nyuma akihema, akitaka kujua kwa nini kwenye hatua ya 70 hakuipeleka ngome safu ya pili. Kobe akamwambia angefungiwa njia na mfalme. Fisi akasema haiwezekani. Wakasimama katikati ya njia, Kobe akachora ubao mchangani kwa ukucha, wakaanza kubishana.