Mashahidi Wawili na Punda Mmoja

Kazi yangu ni kufungisha ndoa. Leseni ninayo, kitabu cha vyeti ninacho, kanzu nyeupe ninazo mbili, na moja ina alama ya kwato kifuani ambayo mke wangu ameshaisafisha hadi akaikatia tamaa. Huku Chemba watu wakinitafuta hawaulizi shehe anayefungisha ndoa anakaa wapi. Wanauliza, "Yule ustadhi wa punda kwake ni wapi?" Mwanzoni nilidhani ni kejeli. Baadaye nikapata uhakika kwamba ni kejeli. Nimeizoea.

Kwa asiyeijua Chemba, ni wilaya iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, kaskazini mwa Jiji la Dodoma, kwenye barabara ya kwenda Babati. Warangi, Waburunge, Wasandawe, Wagogo, Wabarbaig, wote tumo na wote tunaoana. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Desemba ikiwa na moyo mzuri, inaishia Aprili, kisha ni vumbi. Harusi nazo zina msimu wake. Alizeti ikishavunwa na ufuta ukishauzwa, vijana wote hukumbuka ghafla kwamba wana wachumba. Kwa hiyo tunaoana kiangazi, yaani wakati ule ule maji yanapokuwa tabu, na hapo ndipo punda anapoingia katika mambo ya ndoa.

Piga hesabu mwenyewe. Harusi ya kijijini inakula watu mia tatu bila kujikaza, maana hapa hualiki watu; unaalika kijiji, na kijiji jirani kinasikia. Kuna maji ya wali, ya chai, ya udhu, ya kuosha masinia. Punda mmoja anabeba madumu manne ya lita 20, ndizo kilo themanini mgongoni, tena si safari moja. Kamati ya harusi ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na mjumbe mmoja ambaye kazi yake hakuna aliyewahi kuijua ila sare anashonewa. Punda hayumo kwenye kamati. Lakini mwenyekiti akiugua, harusi inaendelea. Punda akigoma, hakuna pilau.

Ndiyo sababu katika dua ya mwisho huwa nawataja. Nawaombea maharusi, wazazi, wapishi, kisha nasema, "na wanyama waliotuletea maji." Amina za mwanzo huwa nzito. Hiyo ya mwisho huitikiwa na watoto tu, na siku moja kule Goima mzee mmoja alimwuliza jirani yake kwa sauti, "Amesema wanyama gani?"

Wanaonicheka nawakumbusha kwamba hata wakuu wa nchi wamemjadili punda. Biashara ya ngozi zake kwenda China kutengenezewa dawa ilikuwa imeshatufikia hapa Dodoma, machinjio yakajengwa, na watu wakaanza kulala na kamba ya punda mkononi. Februari 2024, huko Addis Ababa, Umoja wa Afrika ukakubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Miaka kumi na mitano! Nina ndoa nilizozifungisha ambazo hazikumaliza miezi kumi na mitano.

Sasa nieleze ninavyofanya kazi, maana ndiko lawama zinakotoka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi apate nafasi ya kulitoa. Wengi huniletea taarifa mchele ukiwa umeshachambuliwa. Kwa wachache wanaowahi, siku hizo nazitumia vizuri: naenda kulitazama zizi la bwana harusi. Walii humpima kijana kwa swala, mama mkwe humpima kwa ukoo, binti humpima kwa kumshika simu. Mimi nachungulia mgongo wa punda wake, pale mzigo unapokaa. Mtu ambaye kila asubuhi anafunga kamba juu ya kidonda kibichi na mkono wake hausiti, huyo naanza kumwonea shaka kabla sijamwuliza jina la baba yake.

Habari za ukaguzi wangu zilienea kuliko nilivyotaka. Kijana mmoja wa upande wa Mrijo alinipokea kwa heshima zote, chai na mihogo, kisha akanionesha punda aliyenona, manyoya yanang'aa, kwato zimepunguzwa vizuri. Nikafurahi mno. Bado namsifu, "Mashallah, mwanangu, wewe ungepewa hata wawili," punda akageuka, akatoka zizini, akashika njia. Wala hakukimbia. Alienda kwa mwendo wa kibarua aliyemaliza saa zake. Kijana akabaki na birika mkononi.

"Anakwenda wapi?" nikauliza.

"Kwao, shehe."

Punda wake mwenyewe alikuwa amefichwa nyuma ya choo, na mgongo wake sitauelezea, huenda unasoma huku unakula. Sheria haimzuii mwenye punda wa vidonda kuoa. Vizuizi vya ndoa vinajulikana, udugu, umri, ndoa iliyopo, na punda hayumo. Ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama, lakini utekelezaji wake hawakumkabidhi mfungisha ndoa, na pengine walifikiria vizuri. Nilichokifanya ni kumtuma kijana kwa bwana mifugo akachukue dawa, nikamwonesha namna ya kujaza gunia nyasi likae chini ya mzigo, nikamwambia asimtwishe mpaka kidonda kifunge.

"Na maji ya harusi, shehe?"

"Mwazime tena yule wa jirani. Njia ameshaijua."

Watu wakisikia napenda wanyama hudhani sili nyama. Napenda wanyama, napenda na pilau, na sijaona ugomvi uko wapi. Tena huku kwetu mfungisha ndoa ndiye anayegongewa mlango alfajiri kwenda kuchinja, na hiyo ndiyo saa ambayo kamati nzima hunichukia. Mafundisho ya Mtume yaliyomo katika Sahihi Muslim yanataka kisu kinolewe na mnyama astareheshwe. Kwa hiyo kisu naja nacho, kwa sababu cha kamati ndicho kilichokata vitunguu tangu jana. Fahali asivutwe mkia. Mwenzake asisimame pale akitazama. Na anyweshwe maji kwanza.

Hapo kwenye maji mpishi mkuu mmoja, mama mwenye mikono ya kunyanyulia masufuria, alinijia juu. "Haya maji tunanunua kwa dumu, ustadhi! Mnyama anakufa sasa hivi, ya nini kumnywesha?"

Nikamwuliza mbona bwana harusi naye wamempa chai. Wapishi walicheka mpaka fahali akapata ndoo nzima.

Kuku walinitesa zaidi. Kuku wa kienyeji wa kanda hii, Dodoma na Singida, wana jina mpaka Dar es Salaam, na usafiri wao ni ule ule: miguu imefungwa, vichwa chini, baiskeli inayumba. Zawadi za harusi hufika hivyo hivyo. Kuku hana kiwambo kama chetu cha kutenga tumbo na mapafu, kwa hiyo ukimning'iniza matumbo yake yanayalemea mapafu, anahema kwa shida, na wewe unasema ametulia. Nikatangaza kwamba kwenye nikahi ninayosimamia mimi, kuku wa zawadi aje ndani ya tenga, amesimama kwa miguu yake. Watu wakatii, maana tenga ni rahisi kuliko kubishana nami. Nilichokisahau ni kwamba kuku aliyening'inizwa hunyamaza, na aliyesimama huwika. Kwenye nikahi iliyofuata hotuba yangu yote ilisindikizwa na majogoo, na ajabu hakuna aliyelalamika. Tumefundishwa kwamba jogoo akiwika ameona malaika, basi uombe fadhila za Mola wako. Jamaa wa bibi harusi waliomba fadhila mpaka sauti zikakauka.

Lakini hadithi ile ile ina sehemu ya pili: ukisikia punda akilia, ameona shetani; jikinge kwa Mwenyezi Mungu.

Ilikuwa Soya, mchana wa jua kali. Binti ameshaulizwa chumbani, ameridhia, mashahidi wawili wamesikia kwa masikio yao. Barazani mkono wa bwana harusi umo mkononi mwa walii, ubani unafuka, simu zimeinuliwa juu kurekodi. Walii akatamka, "Nakuozesha binti yangu kwa mahari tuliyokubaliana." Kijana akavuta pumzi, akafungua kinywa, na nje ya uzio punda wa maji akalia.

Punda halii kwa ufupi. Alilia mpaka kikombe cha kahawa kikatetemeka juu ya sinia. Na umati wote pale jamvini, watu wenye dini yao, wakajikinga na shetani kwa sauti moja, huku wote wanamtazama bwana harusi. "Nimekubali" yake haikusikika. Kilichosikika, na kilichorekodiwa, ni kijana kufungua kinywa na waumini kuomba waepushwe naye.

Mjomba wa binti akasimama. "Huyu kijana ana jambo!"

Ndani mama wa bwana harusi akapiga ukelele. Nikawaomba wakae, punda amalize. Akamaliza. Kijana akavuta pumzi mara ya pili, na punda, kama Mungu alivyomuumba, akaanza upya. Mjomba sasa alikuwa amevaa viatu.

Nikatoka nje. Punda amesimama juani, madumu manne matupu ubavuni, midomo imekauka, na hatua chache mbele yake liko karai la maji ya udhu limefunikwa kwa kanga. Mtoto aliyekuwa akimswaga akaniambia wameanza kuchota tangu alfajiri. Amekunywa? Hapana, shehe, yale ni ya wageni. Nikafunua karai, nikamsogezea. Alikunywa mpaka chini, kisha akainua kichwa na kunifutia midomo kwenye kanzu.

Nikarudi barazani nimelowa, punda yuko kimya, na kijana akasema "Nimekubali" kwa sauti ambayo nadhani ilifika barabara ya lami. Mashahidi wakatikisa kichwa. Ila mjomba bado akataka fatwa: shetani aliyeonwa na punda ni nani, na yuko wapi? Nikamjibu kwamba kwa maoni yangu shetani huyo ni mtu aliyemtwisha mnyama maji tangu alfajiri bila kumpa hata kikombe, na kama yumo humu tujikinge naye wote. Ukimya uliofuata, na namna kila mtu alivyoanza kutazama jamvi, ulinijulisha kwamba punda ni wa mjomba.

Ndoa ile ipo mpaka leo. Mjomba hanisalimii, lakini naambiwa punda wake ana ndoo yake.

Ya Farkwa niiguse tu. Kule Wasandawe wanafuga nyuki vizuri, na mibuyu yao imebeba mizinga. Fundi wa muziki alifunga spika kwenye shina la mbuyu nikiwa namwangalia, nikamwambia nyuki wana sura yao katika Kurani na hawapendi kelele, akaniambia spika zake ni mpya. Wageni walitawanyika mpaka mtoni. Maharusi walijifungia ndani ya gari saa nzima, vioo juu, na huko ndiko walikozungumza kwa kirefu bila ndugu kuwasikiliza. Bibi harusi aliniambia baadaye kwamba hiyo ndiyo sehemu ya harusi aliyoipenda.

Basi, kama unaoa Chemba kiangazi hiki, niletee taarifa mapema, walii, na mashahidi wawili wenye akili zao. Mahari itajwe. Kuku waje kwenye matenga, spika zikae mbali na mibuyu, punda wanywe kabla wageni hawajanawa, na punda wa kuazima mfungeni kwa kamba madhubuti. Ada yangu ni ndogo, na ukikosa fedha napokea mashudu ya alizeti, gunia moja.