Kwa Unyenyekevu Mkubwa, Sina la Kutangaza

Siku hizi hakuna mtu anayefanya kazi kimyakimya. Mwenzangu mmoja wa kitengo cha mauzo akihudhuria kikao cha nusu saa, jioni utamkuta mtandaoni kasimama mbele ya bango, kitambulisho kinaning'inia shingoni, na chini ya picha maneno haya: "Kwa unyenyekevu mkubwa napenda kuwajulisha..." Mimi nilivyolelewa, mtu mwenye unyenyekevu mkubwa hana la kuwajulisha watu. Anakaa nyuma, anakula pilau yake, anaaga, anaondoka.

Barua yake ya ajira inasema ni msaidizi wa meneja mauzo. Mtandaoni ni Mwanamikakati, Mhamasishaji na Mlezi wa Viongozi wa Kesho. Viongozi hao wa kesho ni vijana wawili walioletwa na chuo kufanya mazoezi kwa vitendo, na malezi waliyoyapata mpaka sasa ni kutumwa chapati.

Ningecheka peke yangu na kuendelea na malori yangu, ila utawala nao umeambukizwa. Ukaja waraka: wakuu wote wa vitengo wahudhurie semina ya kujenga chapa binafsi ya kiongozi mtaalamu. Jumamosi. Posho hakuna, ila kutakuwa na chai na sambusa. Nimefika umri ambao Jumamosi yangu ina shughuli zake, lakini neno "lazima" lilikuwa limepigiwa mstari, tena mara mbili.

Mkufunzi alikuwa kijana mwenye suti ya kubana na viatu visivyojua soksi. Akatueleza kwamba elimu hii ilishika kasi Marekani mwaka 1997, pale Tom Peters alipoandika katika jarida la Fast Company kwamba kila mtu ajione ni mkurugenzi mtendaji wa kampuni iitwayo Mimi. 1997! Mwisho wa mwaka huo mvua za El Nino zilikuwa zinakata barabara huku kwetu, nami nilikuwa utingo, nimezama kwenye tope mpaka magotini nasukuma lori la watu. Kumbe wakati wote ule nilikuwa mkurugenzi mtendaji, na hakuna aliyenipigia simu kunijulisha.

Tukaingia kwenye mavazi. Steve Jobs, akasema, alivaa fulana ileile nyeusi ya shingo ndefu, kazi ya mbunifu Issey Miyake wa Japani, mpaka ikawa ndiyo alama yake. Mark Zuckerberg naye na fulana yake ya kijivu. Nikafurahi, maana na mimi nina shati langu la drafti ninalolipenda. Nilipomweleza Mama Neema nyumbani kwamba nataka kulivaa kila siku kwa sababu za kiuongozi, alilichukua, akalitazama kola kwenye mwanga, hakusema kitu. Kesho yake nikalikuta linafutia jiko. Mkufunzi hakutuambia kwamba Jobs alikuwa na kabati lililojaa fulana za aina hiyo moja.

Kisha likaja zoezi la lifti. Ujifunze kujieleza kwa sekunde 30, muda wa lifti kupanda, ili ukikutana humo na mtu mzito umalize kumshika kabla mlango haujafunguka. Zoezi zuri. Jengo letu lina ghorofa sita na lifti yake ina karatasi ya "samahani kwa usumbufu" ambayo imeshapauka kwa jua. Sisi tunapanda ngazi. Nikikutana na mtu mzito kwenye ngazi zile, hakuna kati yetu mwenye pumzi ya kujieleza. Tunaitikiana kwa mikono na kuendelea.

Mpiga picha alikuwepo pia, maana chapa bila picha, tuliambiwa, si chapa. Akaniamuru nikunje mikono kifuani kama baunsa wa klabu. "Sasa mzee wangu, tazama mbali, kama mtu mwenye maono." Nikatazama mbali. Mbali kulikuwa na mtungi wa kuzimia moto ambao muda wake ulikwisha zamani, nikavunja pozi nikamwite mhudumu wa ukumbi. Picha iliyopatikana inanionyesha nimenyoosha kidole na kufoka. Wenzangu wanasema ndiyo inayofanana na mimi kuliko zote.

Baada ya hapo kila mmoja afungue ukurasa LinkedIn. Mtandao wenyewe ulizinduliwa 2003, na mwaka 2016 Microsoft wakaununua kwa zaidi ya dola bilioni 26. Fedha zote hizo, na mali iliyomo ndani ni sisi tuliokunja mikono. Nikauliza kama kuna mgao wetu. Ukumbi ulicheka. Mkufunzi hakucheka, aliandika kitu kwenye daftari lake.

Mniwie radhi, lakini picha na fulana si tatizo langu. Kinachonikera ni hili la kiongozi kukaa mwenyewe na kujitungia jina. Hiyo kazi ina wenyewe, nao ni watu walio chini yake, na huifanya akiwa hayupo. Mzee Mwinyi aliingia Ikulu mwaka 1985, mageti ya biashara yaliyokuwa yamefungwa yakaanza kulegea, bidhaa zikarudi madukani, wananchi wakamwita Mzee Ruksa. Hakuna mshauri aliyekodiwa. Magufuli alikuwa Waziri wa Ujenzi anayehangaika na barabara, wakamwita Tingatinga. Sidhani kama kuna mzee aliyeamka asubuhi akasema kuanzia leo niiteni mtambo.

Nikalisema hilo kwenye semina. Kijana akanijibu, na nakiri alijua kubishana: je, usinga wa Mzee Kenyatta? Leso nyeupe ya Kaunda? Kofia ya ngozi ya chui ya Mobutu? Si walivichagua wenyewe? Walichagua, sikatai. Kofia ya Mobutu ilijulikana dunia nzima, na mwaka 1997, mwaka uleule wa huyo Tom Peters wake, waasi walipokaribia Kinshasa mwenye kofia alikimbia na akafia Moroko. Kama chapa ingekuwa inazuia jeshi, ile ingezuia.

Pale kazini majina yote yapo, hayahitaji semina. Mkuu wa fedha anaitwa Njoo Ijumaa. Dada wa utumishi anaitwa Kikao, na kuna bwana mmoja wa ghorofa ya juu anaitwa Nimo Njiani, ambaye jina lake halisi madereva wengi hawalijui kabisa. Yeye huko mtandaoni ameandika kwamba anaongozwa na uwajibikaji.

Mimi ni Mzee Risiti. Nililisikia kwa mara ya kwanza nikipita nyuma ya lori pale yadi, na ukweli nililistahili. Dereva anarudi kutoka Tunduma, anakuambia alijaza mafuta Makambako, akapata pancha akiteremka Kitonga. "Risiti iko wapi?" "Mzee, fundi wa kule porini hana risiti." "Basi mlete fundi." Wanadhani natania. Kuna mmoja alimleta kweli, akiwa na spana yake mkononi, tukamlipia na nauli ya kurudi. Nauli hiyo nayo nilidai tiketi.

Hiyo ndiyo kazi ya uongozi niijuayo. Kudai risiti, kupokea simu saa nane za usiku kwamba lori limelala ubavu, na kuuliza kwanza hali ya dereva na utingo kabla hujauliza hali ya mzigo. Hakuna anayekuja kupiga picha saa nane za usiku.

Hata hivyo agizo ni agizo. Kijana wetu wa tehama akajitolea kuniandikia maelezo, akaiuliza programu yake ya akili mnemba, ikatema ukurasa mzima unaoanza na "Uongozi ni safari". Nikamwambia, mwanangu, mimi ni mtu wa usafirishaji. Safari naijua. Safari ni mafuta, mizani ya Vigwaza, trafiki, na utingo anayeumwa tumbo. Nikafuta yote, nikaandika mwenyewe kwa kidole kimoja: "Nasimamia malori. Yanafika."

Nikadhani nimemaliza na mambo ya chapa. Jioni ile dereva mmoja wa zamani, ambaye hata sikujua kwamba yumo humo, akaandika chini yake: "Shikamoo Mzee Risiti." Akafuata wa Mbeya. Akafuata wa Kahama: "Mzee, ile ya Makambako bado naitafuta." Wakajaa madereva, matingo, mafundi wa matairi, na mama lishe mmoja anayesema aliwahi kunipa risiti ya ugali kwenye karatasi ya sigara nikaipokea. Mwanamikakati wa mauzo, mwenye unyenyekevu wake wote, hajawahi kupata umati wa namna ile.

Jumatatu dada wa utumishi akapanda ghorofa zote sita kuja kwangu, akihema, amejaa furaha. Mkufunzi ameona ukurasa wangu na amesema mimi ni mfano hai wa chapa binafsi iliyofanikiwa. Ananialika nizungumze kwenye semina yake ijayo, kule Bunju, mada ni uhalisia wa kiongozi. Malipo hayapo, ila nitapata fursa ya kuonekana. Nikauliza habari ya usafiri, kwa sababu barabara ile ina foleni na bila bodaboda sifiki.

"Hilo usijali, mzee," akasema. "Nauli utarudishiwa ukileta risiti."