Sifa za Kioo Cheusi

Milango ya Mji Mkongwe imesifiwa ikatosha. Kila mgeni anayekatiza Hurumzi huipiga picha misumari yake ya shaba, wala haulizi samaki, makaa na umbea huingia nyumbani kwa njia gani. Huingia kwa mlango wa uani. Basi leo nausifu mlango wa uani wa seva: kile kioo cheusi cha amri kilichomo ndani ya ESXi ya VMware, mfumo wa kuendesha mashine pepe, ambacho huja kimefungwa, na fundi hukifungua mambo yakishaharibika.

Adabu zake kwanza. Ukurasa wa usimamizi, wenye rangi na vitufe, hukuuliza kama una hakika. Kioo cheusi hakina maswali ya kitoto. Kiambie kwa amri ya rm kifute faili la mashine ya mishahara, kitafuta, tena bila kuguna. Wakubwa wa ofisi wangapi wanatamani utiifu wa namna hiyo!

Zamani kilikuwa na haya zaidi. Katika matoleo ya 3.5 na 4.0 menyu haikukitaja kabisa. Ulibonyeza Alt na F1, ukaandika “unsupported” kwa kupapasa, maana hakuna herufi iliyotokea, ndipo ukaulizwa neno la siri. Yaani ulikiri kwanza kwamba likikufika, huna wa kumlilia. Ndiyo miaka ile ile Unguja ilipokosa umeme wa bara karibu mwezi mzima, Mei hadi Juni 2008, halafu miezi mitatu tangu Desemba 2009, na kila mwenye seva akawa mtumwa wa jenereta.

Siku hizi ni F2, neno la siri la root, menyu ya matatizo, kisha ruhusa. Tuseme umeme umekatika na kurudi Shangani, mashine pepe za hoteli zimeamka, ila ukurasa wa usimamizi umeganda. Mtaalamu aliyeusifia kwenye semina hapokei simu. Amri moja tu ya kuiwasha upya hostd, huduma iliyo nyuma ya ukurasa huo, na ukurasa unafunguka. Shukrani, bila shaka, zitakwenda kwa ukurasa.

Mahasidi watataja Februari 2023, maharamia wa programu ya ESXiArgs walipofunga maelfu ya seva duniani wakidai fidia. Kweli, hati yao ya amri ilikimbia humo humo. Lakini inaaminika waliingia kwa ufa wa OpenSLP ambao kiraka chake kilikuwapo tangu Februari 2021; kisichobandikwa hakizibi. Na wale waliookoa mashine zao bila kulipa walitumia nini? Amri ya vmkfstools, kwenye kioo kile kile, wakaunda upya maelezo ya diski kwa sababu mafaili makubwa ya data mara nyingi yalikuwa hayajaguswa sana. Mwizi na tabibu, wote kimekubali kuwatumikia. Huo ndio ukarimu.

Tena hakipendi makuu. Kikiachwa wazi, onyo la njano hutokea kwenye ukurasa wa usimamizi, na fundi hulitazama siku mbili tatu hadi limkere. Dawa ipo: mpangilio uitwao UserVars.SuppressShellWarning. Anauweka 1, onyo linatoweka, na taarifa ya ukaguzi inaandikwa kwamba seva haina tatizo.