Muulize Ami: Mbwa, Paka na Mfuko Uliotoboka

*Ami, shikamoo. Niko Mtongwe na mbwa mmoja, jina lake Simba, japo radi ikipiga huingia chini ya kitanda. Chanjo yake ya kichaa cha mbwa imetimiza mwaka. Daktari wa mifugo wa huku ametaja bei, nami nasikia kisiwani yuko anayetoza nusu. Feri kwa aendaye kwa miguu ni bure. Nimvushe? — Mwenye Simba, Likoni*

Marahaba, mwanangu. Feri ni bure, ndiyo. Lakini hebu mtazame Simba saa kumi na mbili asubuhi, amebanwa katikati ya umati, mbele yake kapu la kuku, nyuma yake mtu na ndoo ya mahamri, na honi ya feri ndiyo hiyo yalia. Ukimfikisha ng'ambo salama utahitaji tuk-tuk, na dereva akishamwona abiria wako nauli itapanda. Kisha urudi vivyo hivyo. Bei ya chanjo haiko kwenye simu. Hesabu kilichotoka mfukoni ukishafika nyumbani, nauli ikiwemo.

Badala ya kumvusha mbwa, mvushe daktari. Chanjo hii huuzwa kwa chupa ya dozi moja na pia kwa chupa ya dozi kumi. Ile ya kumi hushusha bei ya kila dozi, ila ikishafunguliwa haiwekwi mpaka wiki ijayo. Kwa hivyo daktari akija kwa Simba pekee, ama atumie chupa ndogo ya ghali, ama dozi tisa zimwagwe, na si yeye atakayezilipa. Akija kwa wanyama kumi, mtagawana chupa na mtagawana nauli yake. Huo ndio wakati wa kupatana bei, mkiwa kumi, si ukiwa peke yako umeshika kamba.

Najua utaniambia: Ami, Likoni hii, mbwa kumi niwatoe wapi, na nusu ya mtaa hawataki mbwa apite karibu na kanzu? Usihesabu mbwa basi, hesabu paka. Chanjo ni ileile, ugonjwa ni uleule, na kila nyumba hapo ina paka, hata ile inayokana kuwa ina paka.

Kuna na njia ya bure kabisa. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa, na Kenya ina mpango ulioanza 2014 wa kuhakikisha ugonjwa huu hauui mtu tena ifikapo 2030. Karibu na siku hiyo mara nyingi hufanywa chanjo za bure, basi ulizia ofisi ya mifugo ya kaunti tangu Agosti. Chanjo ya Simba ikiisha mwezi huo wa nane, subiri. Ikiisha Februari, lipa. Mbwa mwenye kichaa hatangoja Septemba ndipo apite Mtongwe, na mtu akiumwa ni kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kama mkwaruzo.

La mwisho: usinunue chupa dukani ukamdunge mwenyewe. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 toka kiwandani hadi kwenye sindano. Friji iliyojaa soda, na stima ya kwetu unavyoijua, haikupi hakikisho hilo. Utakuwa umemdunga Simba maji.

*Ami, paka wangu amezaa tena, mara ya tatu sasa. Kumfunga kizazi naambiwa ni ghali. Mume wangu asema tuwe na subira, atazeeka. Bei isiposhuka, nina mawazo ya kiroba na soko la Kongowea. — Nimejaa Paka, Mshomoroni*

Mwambie bwana, kwa heshima zote, mimba ya paka ni kama wiki tisa tu, na aweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Subira yake hiyo inazaa.

Pigia madaktari watatu, lakini usiishie kwenye bei. Uliza ndani yake mna nini: dawa ya usingizi, dawa ya maumivu, kutoa nyuzi, kumtazama tena kidonda kikifura. Yuko atakayekutajia bei ya chini, halafu kila kingine kikaja na bei yake, kama harusi unayoalikwa bure kisha ukaletewa kitambaa cha sare ulipie. Uliza pia kama amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Daktari wa kweli haudhiki kwa swali hilo. Ukishajua jumla, weka kidogo kidogo, na mpaka ifike, mfungie ndani anapolia usiku. Hatakushukuru.

Na hilo la kiroba, uliloliandika mwisho kabisa ukidhani sitafika: nimefika. Hapana.

*Ami, paka wangu nampa ugali na omena. Anakonda. — Chaani*

Ugali ni wako. Yeye anataka nyama. Nunua utumbo wa kuku na maini kidogo, chemsha bila kitunguu, kwani kitunguu ni sumu kwake. Omena mpe siku mojamoja.

*Ami, salamu zikufikie popote ulipo. Nimezunguka agroveti zote toka Magongo hadi Miritini nikilinganisha bei ya dawa ya viroboto. Nikiwa bado natafuta, viroboto wamehamia kwenye kochi. Jirani amenipa dawa ya mbwa wake iliyobaki, na kwa kuwa paka anaonekana ana homa, amesema nimpe nusu Panadol. — Mtafuta Bei, Changamwe*

Iweke chini hiyo nusu Panadol. Mwili wa paka hauwezi kuivunja, na nusu hiyo yatosha kumuua. Mpeleke kwa daktari akaangaliwe hiyo homa. Dawa ya jirani irudishe pia: nyingi za mbwa zina permethrin, ambayo mbwa huistahimili na paka huanguka akitetemeka.

Sasa hesabu. Kiroboto jike hutaga hata mayai 40 kwa siku, na mengi huangukia kwenye mkeka na kochi. Kila duka uliloongeza limekuongezea kizazi. Panda mizani umembeba paka, panda tena bila yeye, utoe. Nenda maduka mawili, si kumi, na kilo zake kichwani, ununue kipimo chake. Fua matandiko kwa maji moto, anika mito ya kochi juani, fagia kila pembe.

Na ukishanunua, usiulize bei ya dawa hiyo popote mpaka mwezi uishe. Hata kama Miritini wameshusha shilingi kumi, wewe pita.