Kati ya Tarehe 1 na 12, Msinisumbue

Mtu akiniletea karatasi imeandikwa 05/06, namrudishia. Simrudishii kwa ukali, maana biashara ni heshima, lakini namrudishia. Nina steshenari hapa Kyela mjini, si mbali na stendi: mashine ya kopi, kompyuta moja, na printa inayogoma kila masika yakianza. Watu wanakuja kuchapisha hati za mauziano ya viwanja, kuomba ajira, mikopo ya chuo, pasipoti. Na kila fomu siku hizi ina kisanduku cha tarehe. Kisanduku hicho kimenizeesha kuliko joto la Kyela, na anayelijua joto la Kyela la mwezi wa kumi na moja ataelewa ukubwa wa malalamiko yangu.

05/06 ni nini? Kwetu ni tarehe tano mwezi wa sita, hilo hata mtoto wa darasa la pili halimsumbui. Mpe Mmarekani karatasi hiyohiyo, atakwambia ni Mei 6, na atakwambia kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kubishiwa. Mchina na Mjapani wao watauliza kwanza mwaka uko wapi, maana kwao mwaka ndio unaotangulia, mwezi unafuata, siku inakuja mwisho. Ubaya wa jambo lenyewe ni kwamba hakuna anayedanganya hapo. Mwongo unaweza kumkamata. Watu watatu wakweli wanaopingana utawafanya nini?

Nimepiga hesabu, kwa kuwa umeme ukikatika sina kazi nyingine. Mwaka una miezi 12, na kila mwezi una tarehe 1 hadi 12, jumla siku 144 ambazo namba ya siku inaweza kujifanya mwezi. Toa siku 12 ambazo hazina madhara, yaani 1/1, 2/2, 3/3 na kuendelea. Zinabaki 132. Siku 132 kila mwaka, zaidi ya theluthi nzima, ambazo mtu akiziandika kwa namba tupu amemwachia msomaji abahatishe.

Tazama sikukuu zetu wenyewe. Saba Saba iko salama: Mtanzania na Mmarekani wote wataisoma 7/7. Nane Nane vilevile, kwa hiyo Mmarekani akialikwa kwenye maonyesho ya wakulima pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, hatapotea. Muungano, 26/4, uko salama kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini na sita. Siku ya Nyerere, 14/10, hivyohivyo. Lakini Mapinduzi, 12/1, kwake ni Desemba mosi. Uhuru wetu wa 9/12 ataupeleka Septemba. Mei Mosi, 1/5, itamkuta bado ana uchovu wa mwaka mpya. Na Siku ya Karume, 7/4, siku sisi tunapomkumbuka mzee aliyeuawa mwaka 1972, yeye ataisoma Julai 4 na kuwasha fataki.

Wamarekani kwa upande wao wana 9/11, na dunia nzima inajua ni Septemba 11 ya mwaka 2001. Ukiisoma kwa utaratibu wa Ulaya na wetu inakuwa 9 Novemba, ambayo kwa Wajerumani ni siku nyingine kabisa: ndiyo siku Ukuta wa Berlin ulipofunguka mwaka 1989. Namba ni zilezile. Upande mmoja watu wanalia, upande mwingine wanakumbuka walivyokumbatiana barabarani.

Mtu atasema hayo ni mambo ya wakubwa, sisi wa Kyela yanatuhusu nini. Njoo ukae dukani kwangu. Kuna kikundi cha akina mama cha kukopeshana, wengi wao ni wauza mchele na wakulima wa kakao. Kijana mmoja msomi aliwahamishia marejesho yao kutoka kwenye daftari kwenda kwenye kompyuta, wakaniletea kwenye flashi niwachapishie. Mwisho wa kulipa ulikuwa tarehe 31 Mei. Orodha ikatoka kwenye printa ikiwa bado ya moto, wakaipokezana, kikazuka kimya kile kinachotangulia ugomvi. Mama aliyelipa tarehe 6 Mei ameandikiwa faini ya kuchelewa. Aliyelipa tarehe 5 Juni, tena baada ya kufuatwa nyumbani, jina lake limewekwa kwenye waliolipa kwa wakati.

“Mashine imesema,” akasema yule wa Juni, akiikunja karatasi yake vizuri.

“Mashine hailimi mpunga,” akajibu yule wa Mei. “Na wewe dada usijifanye umesahau. Mwezi wa tano ulikuwa unatukwepa mpaka njia ya kisimani umebadilisha.”

Kilichotokea ni hiki. Kompyuta nyingi zinatoka dukani zikiwa bado zinaamini ziko Marekani. Kijana alipoandika 06/05, yenyewe ikaelewa Juni 5. Alipoandika 05/06, ikaelewa Mei 6. Alipofika 25/05 ikatafuta mwezi wa ishirini na tano, ikakosa, ikakata tamaa: tarehe zote za namna hiyo imezisukumia upande wa kushoto wa kisanduku kama watoto waliorudishwa kwa kukosa ada. Ukitaka kujua kama kompyuta yako ina ugonjwa huu, dalili ni hiyo. Tarehe kubwa zimelala kushoto, ndogo zimelala kulia, na hizo za kulia zinazoonekana zimetulia ndizo zilizogeuzwa.

Na usidhani ukienda kwenye mipangilio ukachagua Tanzania mambo yamekwisha. Utakayoandika kuanzia hapo yatakuwa sawa. Yaliyokwisha kugeuzwa yanabaki yamegeuzwa, yanabadilisha nguo tu. Dawa ni kurudi kwenye daftari, mstari kwa mstari, na daftari la katibu lile lenye madoa ya mawese ndilo lililotuokoa siku ile. Mama wa watu aliishia darasa la saba, lakini kila mahali ameandika “6 Mei”, “5 Juni”, mwezi kwa herufi.

Sasa kwa nini dunia isikubaliane jambo dogo hivi? Sababu kubwa ni mdomo: watu wengi wanaandika wanavyosema. Sisi tunasema tarehe tano mwezi wa sita, tunaandika siku kwanza. Wamarekani wanasema Juni tano, wanaandika mwezi kwanza. Waingereza wa zamani walikuwa wakitumia mitindo yote miwili. Wale waliohamia ng’ambo ya bahari wakabaki na mwezi mbele, waliobaki nyumbani wakatulia na siku mbele, kisha wakaisambaza kila walikotawala. Wamarekani wenyewe hawako pamoja. Jeshi lao linaandika siku kwanza, na sikukuu yao kubwa ya uhuru wanaitaja kwa kuanza na siku: tarehe nne ya Julai. Kumbe wanajua! Kanada ndiyo usiseme, huko utakuta mitindo yote mitatu katika nchi moja. Na Ethiopia imejitoa kwenye ugomvi kwa njia yake: ina miezi 13, na mwaka wao uko nyuma ya wetu kwa miaka saba au minane kutegemea umeuliza lini. Mwethiopia ukimwandikia 05/06 anayo haki ya kukuuliza kama unamaanisha dunia hii.

Hapa mpakani kwetu jambo hili lina kichekesho chake. Na Wamalawi tunabishana kuhusu ziwa. Sisi tunaliita Nyasa, wao Malawi. Wao wanashikilia mkataba wa Mwingereza na Mjerumani wa tarehe 1 Julai 1890 kwamba mpaka unapita ufukweni kwetu, yaani mtoto wa Matema akiingia kuoga awe ameshavuka nchi. Sisi tunasema mpaka uko katikati ya maji. Hata mto wetu wa mpakani, Songwe, wenyewe hautulii, ukifurika unahama na mashamba ya watu yanajikuta ng’ambo. Lakini tarehe? Tarehe tunaandika sawasawa. Mjerumani aliyetutawala kwanza aliandika siku mbele na kuweka nukta, Mwingereza akaja akaandika siku mbele na kuweka mkwaju, na ng’ambo ya Songwe alikuwa Mwingereza huyohuyo. Mkoloni alituachia ziwa la kugombania, tarehe akatuachia moja.

Shida yetu na Wamalawi ni saa. Ukivuka daraja pale Kasumulu, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Kadi ya harusi ikitoka kwa mashemeji wa Karonga imeandikwa Jumamosi 06/07/2024, 9:00, tarehe haina utata: 6 Julai 2024 ilikuwa Jumamosi, 7 Juni ilikuwa Ijumaa, siku ya wiki imeshatoa ushahidi. Ila hiyo 9:00 yao, kwa saa ya Tanzania ni saa nne asubuhi. Kijana atasema saa tatu kwa kuwa kasahau kuongeza. Mzee atasema saa tisa alasiri kwa kuwa ameisoma ilivyoandikwa, na atafika wakati wa kuosha masufuria.

Kuna bibi mmoja wa Matema alinijia na kopo la maziwa ya unga, zawadi kutoka kwa mjukuu aliye nje. Hakuleta fomu, alileta kopo. Chini limepigwa mhuri 09/10/25. Ilikuwa Septemba 2025 inaelekea ukingoni. Nikamweleza: kama limetoka nchi za huku, mwisho wake ni 9 Oktoba, bado lina siku. Kama ni la Marekani, limeisha tangu tarehe 10 Septemba. Na kama aliyelipiga mhuri ni mtu wa kuanza na mwaka, limekwisha Oktoba 2009, lingekuwa mtoto sasa hivi lingekuwa kidato cha nne.

“Mwanangu,” akasema, “mimi nimekuuliza linanyweka au halinyweki.”

Akaling’oa kifuniko palepale juu ya kaunta yangu, akanusa, akamimina kidogo kwenye kiganja, akalamba. “Linanyweka. Ndaga fijo.” Akanishukuru hivyo kwa Kinyakyusa, akaondoka. Sikutoza chochote, na sijui ningetoza huduma gani.

Lakini fomu hailambwi. Vijana wanaokuja kujaza fomu za Kimarekani wanakutana na visanduku vinavyoanza na mwezi. Aliyezaliwa tarehe 23 Agosti akiandika 23 kwenye kisanduku cha kwanza, mashine inamkatalia kwa maandishi mekundu. Huyo amebahatika. Wa kumwonea huruma ni aliyezaliwa tarehe 8 Machi: anaandika 8, halafu 3, mashine inampokea kwa furaha, na tayari amezaliwa upya Agosti 3, tofauti na cheti chake cha kuzaliwa. Kazi yangu ni kuushika mkono wake kabla haujabofya. Nikiushika ananiona mzee msumbufu.

Watu wa viwango walishaliona hili. Mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kanuni yake namba 8601: mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kutoka kikubwa kwenda kidogo. Kwa mashine ni utaratibu mzuri kuliko yote, maana faili zinajipanga zenyewe bila kubembelezwa. Na usiseme ni mambo ya Wazungu. Toa kitambulisho chako cha taifa. Ile namba ndefu ya tarakimu 20, nane za mwanzo ni mwaka wako wa kuzaliwa, mwezi na siku, kwa mpangilio huohuo. Halafu tarehe ya kuzaliwa iliyochapwa juu ya kadi hiyohiyo inaanza na siku. Kadi moja, mtu mmoja, tarehe mbili zinatazamana miguu kwa kichwa mfukoni mwako, na hujawahi kulalamika.

Siwaombi mwandike kama mashine. Ninachoomba kilishafanywa na katibu wa darasa la saba bila semina wala posho: andikeni mwezi kwa herufi. Mei ni herufi tatu. Juni ni nne. Septemba ni ndefu kidogo, lakini wino wa kalamu ya shilingi mia tano unatosha. Wenye viwanda nao wafanye hivyo kwenye makopo, wenye vikundi kwenye madaftari, wenye harusi kwenye kadi. Fanyeni hivyo kwa tarehe 1 mpaka 12 tu. Kuanzia tarehe 13 kwenda mbele, andikeni mtakavyo.