Namna ya Kuhukumiwa Kifo Bila Kosa Ukarudi Nyumbani Salama

Anza kwa kugombana na mkeo, kisha chukua kofia utoke. Ndivyo alivyofanya injinia Scott Henderson katika Phantom Lady, filamu ya Robert Siodmak ya mwaka 1944. Aliingia baa, akamkuta mwanamke aliyevaa kofia ya ajabu, akaenda naye kwenye onyesho, wakakubaliana wasiulizane majina. Sharti hilo ulishike kwa mikono miwili, maana ukimuuliza jina tu filamu imekwisha. Ukirudi nyumbani utamkuta mkeo amenyongwa kwa tai yako mwenyewe (nunua tai nzuri, watu wataiangalia sana), na mhudumu wa baa atasema ulikuja peke yako.

Wakili usimtegemee. Katika filamu hizi kazi yake ni kuinamisha kichwa hukumu inaposomwa. Unachohitaji ni katibu muhtasi anayekupenda kimyakimya, aliye tayari kuwaandama mashahidi usiku wa manane kwa viatu vya kisigino. Zikiwa zimebaki siku chache, atatokea pia rafiki yako wa karibu kutoka safari, amejaa huruma, anataka kusaidia. Huyo ndiye aliyeua.

Ukiona ni afadhali ujitie hatiani mwenyewe, ili kuwaonyesha wakubwa jinsi ilivyo rahisi kumuua asiye na kosa, basi soma kwanza yaliyompata Dana Andrews katika Beyond a Reasonable Doubt ya Fritz Lang, 1956. Alipanga ushahidi wa uongo dhidi yake mwenyewe pamoja na baba wa mchumba wake, na mzee huyo ndiye aliyetunza picha za kumwokoa. Mzee akapata ajali ya gari, picha zikateketea naye. Kwa hiyo toa nakala. Yanayofuata siyasemi, siri ya filamu moja nimeshaimwaga, inatosha.

Sasa gavana, ambaye msamaha wake ndio unaoweza kukuokoa. Tangu D. W. Griffith alipotengeneza Intolerance mwaka 1916, gavana hakai ofisini siku ya kunyonga. Yumo ndani ya treni, na watu wako wanaikimbiza kwa gari huku wewe umeshafikishwa kwenye kitanzi. Usihangaike. Mwombe padri asome polepole.

Tena unayo bima. Kuanzia 1934 studio za Hollywood zilibanwa na kanuni za maadili: muuaji haruhusiwi kumaliza filamu akila raha. Ni lazima apatikane kabla taa za ukumbi hazijawashwa, na akipatikana yeye, wewe unaachiwa. Sijui mahakama yoyote yenye utaratibu mzuri kiasi hicho.

Bima hiyo inaishia kwenye geti la studio. Timothy Evans, dereva wa London asiyejua kusoma vizuri, alitimiza masharti karibu yote. Alikuwa akigombana na mkewe. Alikuwa na jirani mpole ghorofa ya chini, John Christie, aliyewahi kuvaa sare ya polisi. Mke na mtoto mchanga wa Evans walipokutwa wamenyongwa mwaka 1949, Evans alikiri, akakana, kisha akasema mahakamani kwamba muuaji ni Christie. Lakini Christie ndiye aliyekuwa shahidi wa upande wa mashtaka, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu mstaarabu. Juri ilichukua dakika 40. Evans akanyongwa tarehe 9 Machi 1950, katika gereza la Pentonville.

Miaka mitatu baadaye mpangaji mmoja alibandua karatasi ya ukuta katika jiko lililokuwa la Christie, akaona maiti za wanawake. Christie alinyongwa Julai 1953, gereza lilelile, mnyongaji yuleyule, Albert Pierrepoint.

Filamu ya kisa hicho ilitoka 1971, ikaitwa kwa anwani ya nyumba walimokaa Evans na Christie, 10 Rillington Place. John Hurt, aliyeigiza Evans, anafikishwa kitanzini kwa sekunde chache tu, na hakuna simu inayolia. Uingereza haina gavana. Msamaha wa malkia ulifika Oktoba 1966.