Draiva Mpya

Mhasibu mmoja wa Nairobi aliporudi nyumbani na kutangaza kwamba amepata draiva mpya, mkewe aliuliza kama yule wa zamani ameshalipwa mshahara wake wa mwisho. Ikabidi amfungulie buti aone. Mama akalitazama lile fimbo la gofu lenye kichwa kama nusu papai, akauliza bei, kisha akanyamaza.

Handikapu ya bwana huyu ni 17, yaani siku zake nzuri humaliza mashimo 18 kwa mapigo 89 hivi badala ya 72. Wenye viwanda humpenda sana mtu wa daraja hili: ana matumaini, na ana mshahara. Zamani vichwa vya draiva vilichongwa kwa mbao. Mwaka 1991 Callaway wakaleta Big Bertha ya chuma, wakaipa jina la mzinga wa Wajerumani wa Vita Kuu ya Kwanza, na vichwa vikazidi kunenepa hadi kanuni zikaweka mpaka wa sentimita za ujazo 460. Draiva ya mhasibu imefika mpakani hapo. Tena imeongezwa uzito upande wa kisigino, ili uso wake uwahi kufunga na mpira usipinde kulia.

Kupinda kulia ndio ugonjwa wake wa miaka 12. Dawa yake ilikuwa kulenga mikaratusi ya kushoto, mpira uzunguke wenyewe mpaka katikati. Jumamosi, shimo la kwanza, akailenga kama kawaida, akavuta pumzi, akapiga. Mlio ulikuwa mtamu ajabu. Mpira ukanyooka, ukazama mikaratusini.

“Mzee,” kedi, mbeba fimbo wake, akasema taratibu, “leo umepiga ulikolenga.”

La pili vilevile. La tatu vilevile. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi huupeleka mpira mbali, hata ule unaokwenda kupotea. Shimo la nne akaapa kulenga katikati. Mabega yakakataa, yakageukia kushoto kwa mazoea. Akajaribu kuyasahihisha kwa mikono, na mpira ukaenda kulia, bwawani.

Tangu 2019 kanuni zinaruhusu dakika 3 tu za kutafuta mpira, si 5 tena. Kedi alizihesabu kwa saa yake, mara tatu, bwawani hakujisumbua.

Draiva mpya sasa imelala kwenye buti. Ya zamani imerudishwa kazini, bila nyongeza ya mshahara.